Padri Placide Tempels wa Kolwezi

1. Nchi ya shaba

Katika nchi ya juu ya Katanga, mahali ambapo mto Lualaba ungali mdogo, uko mji wa Kolwezi. Mto huo huenda kaskazini safari ndefu sana, na ukipita Kisangani watu huuita Kongo. Udongo wa Kolwezi ni mwekundu, na ndani yake mna mawe ya kijani kibichi. Mawe hayo yana shaba. Wazee wa zamani waliyajua kabla Mzungu yeyote hajafika. Waliyayeyusha katika matanuru ya udongo wa kichuguu, wakafanya nyaya, bangili na misalaba midogo. Misalaba hiyo ilikuwa fedha yao. Haikuwa alama ya dini, maana walikuwa hawajasikia bado habari za Kristo.

Mwaka 1906 Wabelgiji waliunda kampuni kubwa iliyoitwa Union Minière du Haut-Katanga, ili wachimbe shaba ile. Baada ya miaka reli ilifika, mashimo makubwa yakachimbwa, na mwishoni mwa miaka ya 1930 mji wa Kolwezi ukajengwa. Wafanyakazi walitoka mbali: Waluba, Walunda, watu wa Kasai, na wengine wengi. Kila kabila lilikuja na lugha yake. Ili wasikilizane, walisema Kiswahili. Wazungu walikaa mtaa wao, na watu weusi walikaa katika kambi za kampuni, nyumba zimepangwa mistari mistari. Kazini walionana, lakini nyumbani hawakutembeleana.

Mwaka uleule wa 1906, tarehe 18 Februari, mtoto mmoja alizaliwa huko Berlaar, katika nchi ya Ubelgiji. Wazazi wake walimwita Frans. Hakuna aliyejua kwamba mtoto huyo siku moja angeitwa baba na watu wa kambi za Kolwezi.

2. Ndugu wa Mtakatifu Fransisko

Frans Tempels alipokuwa kijana wa miaka 18, aliingia katika utawa wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Huko alipewa jina jipya, Placide. Alivaa kanzu ya rangi ya kahawia, akajifunga kamba yenye mafundo matatu. Mafundo hayo huwakumbusha watawa ahadi zao tatu: ufukara, usafi wa moyo na utii. Mwaka 1930 alipewa upadri.

Wafransisko wana upendo wa pekee kwa fumbo la Noeli. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Mtakatifu Fransisko alitaka watu waone kwa macho yao jinsi Mwana wa Mungu alivyozaliwa. Akaleta hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, akawaita wanakijiji waje usiku na mienge. Watu wakaja, wakasali Misa mahali pale. Kutoka siku ile desturi ya kutengeneza pango la Noeli ilienea katika makanisa mengi ya dunia.

Kwa nini Fransisko alifanya hivyo? Kwa sababu jambo lile lilimshangaza. Mungu ndiye mkubwa kupita wote. Angaliweza kututumia amri zake kutoka mbinguni, kama mfalme anavyotuma barua. Hakufanya hivyo. Alikuja mwenyewe. Alilala tumboni mwa mama miezi tisa, akazaliwa, akalia, akanyonya, akajifunza kutembea na kusema. Padri Placide alijifunza mambo haya katika masomo yake, akayasadiki kwa moyo. Lakini ilimchukua miaka mingi kufahamu jinsi yalivyomhusu yeye mwenyewe.

3. Miaka kumi ya kusema

Mwaka 1933 Padri Placide aliwasili Kongo. Alitumwa kati ya Waluba wa Katanga. Alikuwa mtu mwenye nguvu na bidii. Alijifunza lugha, akazunguka vijiji, akahubiri, akafundisha Katekisimu, akabatiza. Ukimwona, ungesema kazi inakwenda vizuri.

Lakini yeye mwenyewe hakutulia moyoni. Aliona kwamba watu wanamsikiliza kwa adabu, kisha wanakwenda zao. Walikariri majibu ya Katekisimu, lakini wakipata ugonjwa au msiba walirudia mambo yao ya zamani kana kwamba padri hakusema neno. Alikaza sauti, akaongeza amri, haikusaidia. Kadiri alivyosema zaidi, ndivyo alivyoona ukuta kati yake na watu.

Baadaye, alipokuwa mzee, aliandika habari za miaka hiyo bila kujificha. Alikiri kwamba alikuja kama bwana mkubwa. Yeye alijiona ndiye anayejua, na watu alidhani hawajui kitu. Yeye alikuwa wa kutoa, na wao wa kupokea tu. Alikuwa amefika Kongo kwa miguu yake, lakini moyo wake ulikuwa haujafika bado.

4. Mwalimu anakuwa mwanafunzi

Basi, baada ya miaka kumi hivi, Padri Placide aliacha kusema sana, akaanza kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Aliketi na wazee na vijana, akataka kujua wanafikiri nini juu ya maisha, wanaogopa nini, wanatamani nini kuliko vitu vyote.

Akasikia mambo mengi. Alijifunza kwamba kwa Waluba kila kilichoko kina nguvu yake, na nguvu hiyo yaweza kuongezeka au kupungua. Mtu mgonjwa ni mtu ambaye nguvu yake imepunguzwa. Mtu aliyebarikiwa na wazee wake ameongezewa nguvu. Wafu hawakwisha kabisa, bali wanaendelea kuwaangalia watoto wao, na ndiyo maana mtoto hupewa jina la babu yake. Hata salamu hutaja uzima: watu wa Kasai wakisalimiana husema Moyo, neno ambalo kwao maana yake ni uzima.

Mwisho akaona kwamba matamanio yote ya watu aliowauliza yaingia katika mambo matatu. La kwanza ni uzima: kuishi kwa nguvu, kupona, kudumu. La pili ni uzazi: kuzaa na kulea, ili mtu asipite duniani kama moshi. La tatu ni mapendo: kuwa kitu kimoja na wengine, kwa maana mtu aliye peke yake ni kama mfu.

Mambo hayo aliyaandika katika kitabu, kwa lugha yake ya Kiflamandi. Mwanasheria mmoja wa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, alikifasiri kwa Kifaransa, na mwaka 1945 kikatolewa hukohuko. Kitabu kiliitwa La philosophie bantoue, yaani hekima ya Wabantu. Wakati ule Wazungu wengi walidhani kwamba Waafrika hawana fikira zilizopangwa. Kitabu kilisema kinyume: wanazo, tena ni za maana, na anayetaka kuwafundisha lazima kwanza afundishwe nao.

Wengine walifurahi, wengine walikasirika. Baadhi ya wakubwa wa Kanisa huko Katanga waliona kwamba padri huyu amepotoka. Serikali ya wakoloni nayo haikumpenda, kwa maana mwaka 1944 alikuwa ameandika katika gazeti kuwalaumu watawala kwa namna walivyowatendea watu. Mwaka 1946 akarudi Ubelgiji, na kwa muda wa miaka mitatu hakuweza kurejea Kongo. Hayo yalimwumiza. Hata hivyo hakuacha utawa wake, wala hakuliacha Kanisa.

Wakati huo kitabu chake kilikuwa kinasafiri. Mwaka 1949 kilichapishwa tena Paris na Présence Africaine, nyumba ya vitabu iliyoanzishwa na Alioune Diop wa Senegal. Waafrika wenye elimu walikisoma, na hawakukubaliana wote. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alichunguza jambo lilelile kwa njia ya lugha yake, Kinyarwanda, akatoa kitabu chake mwaka 1956. Aimé Césaire, mshairi mweusi wa kisiwa cha Martinique, alionya kwamba kuyasifu mawazo ya watu hakufai kitu kama bado wananyimwa haki yao. Onyo hilo lilikuwa na maana, na mpaka leo wenye elimu wanabishana juu ya kitabu kile.

5. Katika kambi ya wachimbaji

Mwaka 1949 Padri Placide aliruhusiwa kurudi. Mnamo mwaka 1953 alikuwa akifanya kazi Kolwezi, katika kambi za wachimbaji wa Ruwe na Musonoi. Hapo palikuwa si kama kijijini. Mtu alikuwa na nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, saa za kampuni. Jirani yake alikuwa wa kabila lingine. Wazee wa ukoo walikuwa mbali, na mashauri yao hayakufika. Mume alikwenda kazini zamu ya usiku, mke akabaki peke yake na mawazo. Nyumba nyingi zilikuwa na chakula, lakini hazikuwa na mazungumzo.

Padri alianza tena kuuliza, naye akajibiwa vilevile: uzima, uzazi, mapendo. Kazi ya shaba haikuwa imeyafuta matamanio yale. Ndipo akarudia Injili, akaisoma kana kwamba ni mara ya kwanza. Alimwona humo Bwana Yesu ambaye ndiye uzima, na anayetaka watu wawe kitu kimoja naye kwa mapendo. Akamwona pia mama yake, Bikira Maria. Akaelewa kwamba Habari Njema haikuja Kolwezi kama mgeni asiyejua njia. Ilikuwa jibu la swali ambalo watu walikuwa nalo siku zote.

6. Fumbo la Nazareti

Hapa inafaa tukumbuke jambo lenyewe, kama Kanisa linavyolifundisha.

Katika mji mdogo wa Nazareti, nchi ya Galilaya, alikuwako msichana jina lake Maria. Alikuwa ameposwa na Yosefu, fundi wa mbao, lakini walikuwa hawajakaa pamoja. Malaika Gabrieli alitumwa kwake, akamwambia kwamba atapata mimba na kuzaa mwana, naye atakuwa Mwana wa Mungu. Maria aliuliza itakuwaje, kwa kuwa hamjui mume. Malaika akamjibu kwamba Roho Mtakatifu atamshukia. Tena akampa habari ya Elisabeti, jamaa yake, mwanamke mzee ambaye watu walimwita tasa: yeye naye alikuwa na mimba ya miezi sita. Maria akakubali.

Angalieni vema. Mungu alimwumba Maria, na angaliweza kufanya apendavyo. Lakini hakumlazimisha. Alimtumia mjumbe, akamweleza, akaacha aulize swali lake, akangoja jibu. Mbingu na dunia zilingoja neno la msichana wa kijijini. Alipokubali, Mwana wa Mungu akaanza kuwa mtu tumboni mwake, si kwa njia ya mume, bali kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Sikukuu ya jambo hili ni tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Noeli.

Yosefu alipojua kwamba Maria ana mimba, alifadhaika sana. Kwa kuwa alikuwa mtu mwema, hakutaka kumwaibisha. Aliwaza kumwacha kwa siri. Malaika akamjia katika ndoto, akamweleza kwamba mimba hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Yosefu akaamka, akamchukua Maria nyumbani kwake. Hivyo mtoto alipata mama, akapata na mlezi, na nyumba.

Wakristo husadiki kwamba mtoto huyo ni Mungu kweli na mtu kweli. Si Mungu aliyevaa sura ya mtu kama mtu anavyovaa nguo. Si mtu tu aliyepewa cheo cha Mungu. Mwaka 431 maaskofu walikutana katika mji wa Efeso, wakathibitisha kwamba Maria aitwa kwa haki Mama wa Mungu, kwa sababu aliyezaliwa naye ni Mungu mwenyewe aliyejifanya mtu. Na Yohane Duns Scoto, mwalimu mkubwa wa Wafransisko aliyekufa mwaka 1308, alifundisha kwamba kuja kwa Kristo hakukuwa shauri la kutengeneza tu kilichoharibika kwa dhambi. Mungu alilipenda jambo hili tangu mwanzo.

Sasa yatazameni yale mambo matatu. Uzima: Mungu alileta uzima wake ndani ya mwili wetu. Uzazi: bikira alizaa, na kwa mtoto wake mmoja amekuwa mama wa wengi. Mapendo: Mungu na mtu wamekuwa kitu kimoja katika Kristo, na hawataachana tena. Yote matatu yalikutana katika nyumba moja ndogo ya Nazareti.

7. Jamaa

Padri Placide hakuyafundisha mambo haya kwa kusimama mbele ya watu wengi tu. Alikutana na mume na mke pamoja, nyumba kwa nyumba. Aliketi nao, akazungumza nao polepole, kwa Kiswahili. Naye hakuwafundisha tu. Aliwaeleza shida za moyo wake mwenyewe, akasikiliza za kwao. Watu walishangaa. Hawakuwa wamezoea kumwona Mzungu anayetaka kujulikana.

Hivyo kilianza chama kilichoitwa Jamaa. Walioingia waliitana baba na mama, na padri naye waliweza kumwita baba, si kwa cheo bali kwa mapendo. Hakukuwa na kadi wala michango mikubwa. Mume na mke walioshika vema mafundisho waliwaongoza mume na mke wengine, hatua kwa hatua, mpaka nao wakakomaa. Wale walioongozwa waliitwa watoto wao, ijapokuwa pengine walikuwa na umri mmoja.

Neno hili la kuzaa kwa roho lilikuwa na maana kubwa kambini. Katika nchi zetu mwanamke asiye na mtoto huteseka. Watu humsema, ndugu za mumewe humsumbua, pengine hufukuzwa. Katika Jamaa mke na mume wasiojaliwa watoto waliweza nao kuzaa, kwa kumleta Kristo katika maisha ya wengine. Walikuwa baba na mama kweli, wenye watoto wa kuwaheshimu. Padri mwenyewe, aliyeahidi kutooa, alielewa vema zaidi ahadi yake: haikuwa kukataa uzazi, ilikuwa kuzaa kwa njia nyingine. Na juu ya wote waliwekwa mbele Bikira Maria, aliyelipokea neno la Mungu kwa moyo wote hata likapata mwili ndani yake.

Matunda yalionekana nyumbani. Waume walianza kuzungumza na wake zao juu ya mambo ya moyoni, jambo ambalo wengine hawakuwahi kulifanya tangu arusi. Mluba na mtu wa Kasai waliitana ndugu, hata katika miaka ya fitina, wakati makabila yalipokuwa yakigombana katika miji ya Katanga. Jamaa ilitoka Kolwezi ikaenea katika kambi nyingine za shaba, kisha katika majimbo mengine ya Kongo, hasa Kasai. Mapadri kadhaa waliingia.

8. Majaribu

Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe, na pia mti usiotunzwa hupata wadudu. Yote mawili yaliipata Jamaa. Mapadri wengine waliiogopa bila kuichunguza, wakaona ni dini ndani ya dini. Lakini pia wako waliopotosha mafundisho. Walianza kufanya mambo ya siri, wakatafuta ndoto kuliko Sakramenti, na wengine walitumia neno mapendo kuficha dhambi ya uzinzi. Katika miaka ya 1970 maaskofu walitoa maonyo makali, wakaweka masharti. Waliokataa walitengwa na Kanisa. Waliokubali wakabaki ndani yake.

Jambo hili lina fundisho. Malaika alipomjia Maria, tunda la neno lake lilionekana wazi: Maria aliondoka upesi akaenda kumsaidia Elisabeti. Mapendo yanayotoka kwa Mungu hayajifichi, tena huenda kumtumikia mwingine. Mapendo yanayohitaji giza yanatoka mahali pengine.

Padri Placide hakuyaona majaribu hayo yote kwa macho yake. Mwaka 1962 alirudi Ubelgiji kwa sababu ya afya, na mwaka huohuo kijitabu chake juu ya kukutana kwake na watu wa Kongo kikatolewa Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Hakurudi tena Katanga. Wakubwa wa Kanisa walimwuliza maswali mengi juu ya mafundisho yake, naye alinyamaza na kutii. Alikaa katika nyumba ya Wafransisko, mbali na wale aliowaita watoto wake na waliomwita baba. Alikufa huko Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977, akiwa na umri wa miaka 71.

9. Alichotuachia

Kampuni ile ya Union Minière imekwisha. Mwaka 1967 migodi yake ilitwaliwa na serikali. Kolwezi tangu mwaka 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Watu bado wanachimba shaba na kobalti, na magari makubwa hupita mchana na usiku. Wengi hufika huko kutafuta mali, kisha huondoka bila kumjua jirani.

Padri Placide Tempels hakuwa mtu asiye na kosa. Alikawia miaka kumi kabla ya kujifunza kuuliza, na hata baadaye si kila alichoandika kilikuwa sawa. Lakini alitambua neno moja, akalishika mpaka mwisho. Mungu hakutuokoa kutoka mbali. Aliingia nyumbani kwetu, akakaa nasi, akawa mmoja wetu. Tena kabla ya kuingia alibisha hodi, akangoja Maria amkaribishe. Basi anayetaka kumpelekea mwenzake habari ya Mungu, hana budi kuifuata njia hiyohiyo: abishe hodi, aketi, asikilize, akubali kuwa ndugu.

Kengele ya Malaika wa Bwana inapolia asubuhi, adhuhuri na jioni, sala hiyo hutukumbusha saa ile ya Nazareti. Ninyi watoto, mnapoisali, mwombeni Bikira Maria awafundishe kulipokea neno la Mungu kama yeye. Kisha mtazameni yule mwenzenu darasani ambaye hakuna anayezungumza naye. Nendeni mkamwulize habari zake.

Maswali

1. Padri Placide alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Mtakatifu Fransisko alifanya nini katika kijiji cha Greccio? Kwa nini?
3. Kwa nini watu hawakuyashika mafundisho ya Padri Placide katika miaka kumi ya kwanza?
4. Taja mambo matatu ambayo watu wa Katanga waliyatamani kuliko yote.
5. Maria alipata mimba kwa uwezo wa nani? Je, Mungu alimlazimisha?
6. Maaskofu wa Efeso walithibitisha nini mwaka 431?
7. Mke na mume wasio na watoto waliwezaje kuzaa katika Jamaa?
8. Eleza kwa maneno yako: Mungu hakutuokoa kutoka mbali.